Shajara ya vidung'ata: siku 84, mimea 19 na kioo cha kukuzia

Siku ya 1

Asubuhi nilikuwa nafuta vumbi kwenye majani ya mlimau wangu wa chunguni, kitambaa kikanasa. Majani matatu ya chini yalikuwa yananata kana kwamba yamepakwa sukari iliyoyeyushwa. Nikatazama juu yake, nikageuza jani moja baada ya jingine, na kwenye kwapa, pale kikonyo kinapoungana na tawi, nikaona kitu cheupe kama kipande cha sufi kilichopeperushwa na upepo kikakwama. Nilikigusa kwa kijiti cha meno. Kikajivuta pembeni.

Mwaka jana nilipoteza okidi mbili kwa weupe kama huu. Nilidhani ni ukungu, nikazinyunyizia dawa ya ukungu wiki tatu mfululizo. Dawa ya ukungu haimfanyi mdudu lolote. Nilipokuja kuelewa ninachokiona, vidung'ata, wadudu wadogo laini wanaojifunika unga mweupe na kunyonya utomvu wa mmea, walikuwa wamejaa hadi chini ya magamba makavu ya shina, na majani yalikuwa yameshaanguka. Zile okidi nilizilea miaka minne. Sitaki yanikute tena.

Kwa hiyo mradi huu una sharti moja: simwagi dawa yoyote kabla sijajua mdudu ni nani, yuko wapi, na yuko katika hatua gani ya maisha yake. Nina mimea 19, mingine barazani, mingine dirishani. Nina kioo cha kukuzia mara 10, vijiti vya meno, vijiti vya pamba, chupa ya spiriti ya asilimia 70, na daftari hili.

Siku ya 2

Kitu cheupe juu ya mmea kinaweza kuwa mambo mengi, kwa hiyo leo nimefanya kazi ya kutenganisha tu.

Nimeanza na kijiti cha meno. Ubwiri unga, ugonjwa wa ukungu mweupe wa majani, ukiufuta unatoka kama poda na unaacha jani lilivyo, hauna mwili. Chumvi ya maji magumu inakwaruzika kama chokaa na inakaa pale matone yalipokaukia. Chembe za perlaiti, zile nyeupe nyepesi zinazochanganywa na udongo wa chungu, zinazorukia majani wakati wa kubadilisha udongo ni ngumu, zinapasuka kwa kucha. Kidung'ata ukimminya anatoa majimaji. Wa kwenye mlimau alitoa majimaji ya njano, na huo ulikuwa uthibitisho wangu wa kwanza kwamba nina mnyama mkononi.

Kisha spiriti. Nilichovya kijiti cha pamba, nikamgusa mmoja aliyenenepa. Ule unga mweupe ukayeyuka palepale, mwili ukabaki wazi: wenye umbo la yai, laini, umegawanyika kwa mikunjo kama ya kitambaa kilichokazwa, rangi ya njano iliyofifia. Weupe wake ni nta. Anaitoa mwenyewe kupitia vitundu vidogo vya ngozi, na ndiyo inayofanya maji yateleze juu yake kama yanavyoteleza kwenye bawa la bata. Mtu akinyunyizia maji matupu kutoka mbali anamwogesha koti tu.

Spiriti hiyohiyo inasaidia kutofautisha aina. Kidung'ata wa mipapai, Paracoccus marginatus, akitiwa ndani ya spiriti mwili wake hugeuka buluu inayoelekea weusi. Wangu hawakugeuka. Kidung'ata wa waridi, Maconellicoccus hirsutus, akimminywa hutoa majimaji mekundu. Wangu si yeye pia.

Wanaobaki ni ndugu zake wa karibu. Vidugamba wengi wana ganda, na wakishakua hawatembei. Vidukari wenye sufi wanafanana naye kwa mbali, lakini ukipuliza nyuzi zao unaona mwili wa mviringo wa kidukari, na mara nyingi wamejikusanya kwenye majeraha ya magome. Mwingine anayedanganya watu ni Icerya purchasi, ambaye mfuko wake wa mayai una mifereji iliyonyooka kwa urefu kama suruali iliyopigwa pasi. Kidung'ata mfuko wake hauna mpangilio, ni kama pamba iliyochambuliwa kwa vidole.

Siku ya 3

Sensa. Imenichukua saa nne, na ningeshauri yeyote asiifanye kwa haraka, kwa sababu kilichoonekana kwa macho matupu hakikufika hata nusu.

Mlimau 41. Koleusi 63. Krotoni ya kwanza 18, krotoni ya pili 22. Okidi iliyobaki 9. Kaktasi 5. Jumla 158 kwenye mimea sita. Kumi na mitatu mingine sijaona kitu.

Walikokuwa ni muhimu kuliko idadi. Juu ya jani, penye mwanga, nilikuta wachache sana. Wanapenda pale wanapobanwa pande mbili: makwapani, kando ya mshipa mkuu upande wa chini wa jani, ndani ya majani machanga ambayo hayajafunguka, chini ya kamba niliyofungia tawi kwenye mti wa kuegemea. Kwenye kaktasi walikuwa wameingia katikati ya miiba, wamekaa kana kwamba ni sehemu ya mmea. Kwenye okidi ilibidi nibandue ganda kavu la shina ili niwakute watano wamelala kwa mstari. Na wanane sikuwakuta kwenye mmea kabisa: walikuwa chini ya ukingo wa chungu cha koleusi, upande wa nje, pale kidole kinaposhika ukiinua chungu. Hao sikuwaweka kwenye hesabu, lakini nimewaandika kwa wino mwekundu. Mtu anaweza kusafisha mmea wake mwezi mzima akaacha ukingo wa chungu.

Mimea sita nimeitenga na mingine. Ndiyo hatua pekee niliyochukua leo.

Siku ya 5

Leo nimegundua kwamba sina aina moja. Nina mbili.

Wa mlimau, koleusi, kaktasi na krotoni wana nyuzi fupi za nta kuzunguka mwili kama pindo la mkeka, na katikati ya mgongo pana mstari wa kijivu ambapo nta imepungua. Hizo ni dalili za Planococcus citri, anayeitwa kidung'ata wa michungwa ingawa anakula mamia ya mimea mingine. Wa okidi wana mikia miwili nyuma, mirefu karibu kama mwili wenyewe, na ndivyo alivyo Pseudococcus longispinus.

Tofauti hii si ya kujifurahisha. Yule wa kwanza hutaga mayai, mamia, ndani ya mfuko wa nyuzi za nta, na mfuko huo unayalinda dhidi ya karibu kila kitu utakachonyunyizia. Yule wa mikia mirefu hazungukwi na mfuko wa aina hiyo: mayai huanguliwa ndani yake au papo hapo yanapotoka, na anaonekana kama anayezaa watoto hai. Kwa hiyo kwenye okidi sitegemei kuona pamba yenye mayai hata kidogo, na nikikosa kuiona nisijidanganye kwamba hawazaliani.

Nimechukua jani moja la koleusi lenye mfuko mmoja wa mayai, nikaliweka ndani ya chupa ya kioo, mdomo nikaufunga kwa kitambaa chembamba na uzi. Nataka nione yanavyoanguliwa.

Siku ya 6

Sisimizi. Nilikuwa nimewaona wakipanda shina la krotoni ya pili tangu wiki iliyopita nikadhani wanapita tu. Leo nimekaa nao nusu saa nzima. Sisimizi anafika kwa kidung'ata, anampapasa kwa vipapasio, anasubiri. Tone linatokea nyuma ya kidung'ata, angavu kama machozi. Sisimizi analinywa, anaondoka, mwingine anashika nafasi.

Tone hilo ndilo lililonasa kitambaa changu siku ya 1. Ni maji ya sukari ambayo kidung'ata hakuyahitaji. Likianguka kwenye majani ya chini linaota ukungu mweusi kama masizi ya sufuria. Ukungu huo haumli mmea, lakini unaziba mwanga. Sisimizi kwa malipo ya sukari huwafukuza wadudu wanaokuja kula vidung'ata, na wakati mwingine hubeba wachanga na kuwahamisha. Anayepambana na vidung'ata huku sisimizi wanapanda na kushuka anafanya kazi ya bure.

Vyungu vyote sita nimevisimamisha juu ya matofali madogo ndani ya sahani za maji, na nimehakikisha hakuna jani linalogusa ukuta. Daraja la jani moja linatosha kuwapitisha.

Siku ya 13

Yameanguliwa. Yaani siku nane tangu niweke jani kwenye chupa, na chumba kimekuwa kati ya nyuzijoto 25 na 27.

Naandika nilichokiona kama kilivyo. Saa moja asubuhi ule mfuko ulikuwa umetulia. Saa tatu upande mmoja wa pamba ulikuwa kama unatetemeka. Chini ya kioo nikaona nukta za njano zinajipenyeza kati ya nyuzi, moja, tatu, kumi. Kila moja ina miguu sita na vipapasio viwili vinavyopapasa mbele yake kama mtu anayetafuta swichi gizani. Hazina nta hata chembe. Urefu wake haufiki nusu milimita. Baadhi zilipanda moja kwa moja hadi kwenye kitambaa cha mdomo wa chupa. Nilihesabu hadi 140 nikaacha, na bado zilikuwa zinatoka.

Nimekaa na picha hii siku nzima. Mdudu ninayemwona mimi, yule mnene mweupe aliyetulia kwapani, ni jike mzee. Kabla ya kuwa vile alikuwa nukta ya njano inayotembea, isiyo na koti, isiyo na mahali. Hapo ndipo alipokuwa dhaifu kuliko wakati wowote wa maisha yake, na hapo ndipo nisipomwona. Akishapata mahali pazuri anachoma mdomo, anaanza kunyonya, na nta inaanza kumfunika. Kutoka yai hadi jike anayetaga, kwenye joto kama hili, ni karibu mwezi mmoja.

Siku ya 15

Nimejisomea kuhusu anavyokula, na nimerudi kwenye daftari nikiwa namheshimu zaidi mdudu huyu, ingawa nataka aondoke.

Mdomo wake ni nyuzi nne nyembamba zilizoungana kuwa sindano moja. Anaipenyeza kati ya seli hadi kwenye mirija ya floemu, ambako mmea unasafirisha sukari kutoka majanini. Utomvu huo una sukari nyingi kupita kiasi na amino asidi chache mno, na hazitoshi kujenga mwili. Ndiyo maana ananyonya bila kupumzika na kumwaga sukari inayozidi.

Amino asidi anazokosa anatengenezewa na bakteria wanaoishi ndani yake. Na hapa pana jambo lililonifanya nisome mara mbili: mwaka 2001 ilichapishwa kwamba ndani ya Planococcus citri, bakteria mmoja anaishi ndani ya bakteria mwingine. Wa nje anaitwa Tremblaya, wa ndani Moranella, na kazi ya kutengeneza amino asidi imegawanywa kati yao na mdudu mwenyewe. Hakuna anayeweza kuikamilisha peke yake. Yote haya yamo ndani ya kitu ninachokifuta kwa kijiti cha pamba.

Kwa upande wa bustani nimepata somo la moja kwa moja. Utomvu ukiwa na naitrojeni nyingi, vidung'ata wanakua haraka na kutaga zaidi. Nimetazama kumbukumbu zangu: mlimau na koleusi, mimea miwili iliyoongoza kwenye sensa, ndiyo niliyoiwekea mbolea ya naitrojeni mara mbili ndani ya wiki sita ili ichipue. Mbolea nimeisimamisha.

Siku ya 17

Leo nimeanza kuwaondoa.

Koleusi nimeifunga kwenye mfuko wa plastiki na kuitupa. Inaumiza, lakini ilikuwa na wadudu 63 kwenye mmea laini wenye makwapa mengi kuliko nitakavyoweza kuyafikia, na tayari nina chipukizi safi nililolikata miezi iliyopita. Mmea unaooteshwa upya kwa urahisi usigeuzwe kuwa hospitali ya kuambukiza mingine.

Mlimau, okidi, kaktasi na krotoni ya kwanza: kila mdudu na kila mfuko wa mayai ninaouona naugusa kwa kijiti chenye spiriti na kuuondoa kabisa, si kuulowesha tu na kuuacha. Nilijaribu kwanza kwenye jani moja la kila mmea siku mbili zilizopita, na hakuna lililoungua. Baada ya hapo nimenyunyizia sabuni ya mimea, ile ya potasiamu, kwa kiwango cha asilimia 2, jioni jua likiwa limeshuka, hadi maji yadondoke kutoka upande wa chini wa majani. Sabuni ya vyombo sitaitumia. Ina viungo vinavyobabua majani. Sabuni ya mimea inaua inapomgusa mdudu ikiwa mbichi. Ikikauka haina kazi tena. Kwa hiyo sehemu isiyoloweshwa ni sehemu ambayo haikutibiwa.

Kaktasi sikuinyunyizia. Nimetumia brashi ndogo ya rangi yenye spiriti, mwiba kwa mwiba.

Krotoni ya pili naiacha bila tiba, barazani, nikiwa nimewazuia sisimizi peke yake. Nataka kujua nini kitatokea walinzi wakiondolewa.

Siku ya 24

Mlimau 57.

Nilihesabu mara mbili. Wiki moja baada ya kusafisha, nina wengi kuliko nilipoanza. Lakini wote 57, isipokuwa wawili, ni wachanga: njano, wameanza tu kupata vumbi la nta mgongoni. Wametoka kwenye mayai niliyoyakosa. Bila ile chupa ya siku ya 13 ningesema dawa imeshindwa, na ningekimbilia kitu kikali zaidi. Sasa naona kwamba wametoka nje ya mfuko, hawana koti, na ndio wakati wao. Nimerudia spiriti na sabuni.

Krotoni ya kwanza 7, okidi 4, kaktasi 3. Krotoni ya pili, isiyotibiwa, 46.

Nimezungushia mkanda wa kunata pande zote mbili kwenye matawi mawili ya mlimau, chini ya makwapa yenye wadudu. Wachanga wanaotembea watanasa hapo, na nitawahesabu kwa kioo. Ni njia nzuri ya kujua kama mayai bado yanaanguliwa bila kubahatisha.

Siku ya 31

Mlimau 19. Kwenye mkanda 33. Nimerudia.

Siku ya 33

Ukurasa huu nimeuandika kwa uchungu.

Asubuhi nilipita barazani nikaona kwenye krotoni ya pili vidung'ata wanne wakubwa ajabu. Vidung'ata wangu wa kawaida ni milimita 3 au 4. Hawa walikaribia milimita 10, weupe pepe, nyuzi za nta ndefu zimesimama kila upande. Nilishtuka. Nikasahau sharti langu, nikachukua kijiti cha spiriti, nikaua watatu.

Wa nne alikimbia. Kidung'ata mzima hakimbii. Anaburura mwili kama mtu aliyebeba gunia. Huyu alishuka shinani kwa kasi, akageuka, akapanda jani jingine. Hapo nikasimama. Nikachukua kioo.

Chini ya nyuzi palikuwa na miguu mirefu inayoonekana waziwazi pembeni mwa mwili, na mbele kichwa chenye taya. Si sindano, ni taya. Nilimwona akiufikia mfuko wa mayai, akaingiza kichwa ndani ya pamba, na pamba ikaanza kupungua. Ni lava, yaani mtoto ambaye hajakomaa, wa mdudu kibibi, mbawakawa mdogo anayekula vidung'ata. Amevaa nta kama windo lake, na sisimizi na mimi sote tulidanganyika, isipokuwa sisimizi sikuwa nao tena na kwa hiyo aliyewaua ni mimi peke yangu.

Lava wenye koti la nta namna hii wapo kwa aina kadhaa za wadudu vibibi. Anayejulikana zaidi ni Cryptolaemus montrouzieri wa Australia, ambaye Albert Koebele alimpeleka California mwaka 1891 na 1892 kwa ajili ya kupambana na vidung'ata, na hadi leo anafugwa kwa wingi kwa kazi hiyo. Lava wake hufika milimita 13. Jike hutaga mayai yake ndani au karibu ya mifuko ya mayai ya vidung'ata, ili watoto wazaliwe mezani.

Nimeandika alama zake kwenye karatasi na kuibandika juu ya meza ya vyungu: mkubwa kupita kawaida, anatembea haraka, nyuzi ndefu zilizotawanyika, miguu inaonekana, yuko peke yake kati ya kundi. Ukiona hivyo, weka spiriti chini.

Siku ya 38

Mlimau 6. Krotoni ya kwanza 0. Okidi 1. Kaktasi 0.

Siku ya 40

Krotoni ya pili. Nimekuta vidung'ata watano ambao si weupe tena. Wamevimba, wamekakamaa, rangi ya kahawia, kama punje ndogo za ngano zilizobandikwa kwenye mshipa wa jani. Wawili wana tundu la duara upande mmoja, kana kwamba limetobolewa kwa sindano ya moto.

Hizo ni mumia. Nyigu mdogo kuliko chawa alitaga yai ndani ya kidung'ata akiwa hai, mtoto akamla kutoka ndani, akajigeuza bundo, ile hatua ya kutulia kabla ya kuwa mzima, humohumo, kisha akatoboa na kuruka. Sikumleta. Alikuja mwenyewe, na nadhani alishakuja zamani akafukuzwa na sisimizi.

Nyigu wa namna hii ndiye aliyeokoa muhogo wa bara zima. Kidung'ata wa muhogo, Phenacoccus manihoti, aliingia Afrika kutoka Amerika Kusini mwanzoni mwa miaka ya 1970, bila maadui wake wa asili, akasambaa katika nchi baada ya nchi. Mwaka 1981 adui wake alipatikana Paraguay: nyigu anayeitwa sasa Anagyrus lopezi. Hans Rudolf Herren na wenzake walimfuga na kumwachia, wakianzia Nigeria mwaka huohuo wa 1981, na baadaye katika nchi nyingi za ukanda wa muhogo. Herren alipewa Tuzo ya Chakula Duniani mwaka 1995. Lakini nyigu yule hangefaa kwa mlimau wangu. Wengi wa nyigu hawa huchagua aina moja au chache za vidung'ata, na kumtambua adui wa kweli kulianza na kumtambua kidung'ata wa kweli.

Tangu leo majani yenye mumia sikati. Na majani niliyokata wiki zilizopita nikayatupa bila kuyaangalia, najuta.

Siku ya 46

Mshubiri wangu haukuwa kwenye orodha. Siku ya 3 niliukagua kila jani, safi. Lakini kwa wiki mbili umekuwa ukinywea ingawa udongo una unyevu, na majani ya nje yamekunjamana. Leo nimeutoa chunguni.

Upande wa ndani wa chungu ulikuwa na mabaka meupe yenye ubuluu kidogo, kama ukungu wa mkate. Kwenye mizizi, wadudu weupe wembamba, milimita 2 hivi, wamelala kati ya nyuzi za nta. Ni vidung'ata wa mizizi, jamii ya Rhizoecus. Hawa hawapandi juu kujionyesha. Dalili pekee ni mmea unaokonda huku unanyweshwa.

Nimekung'uta udongo wote, nikaufunga mfukoni, nikaosha mizizi kwa maji yanayotiririka hadi ikawa safi, nikakata iliyooza, na nitauacha mmea mahali pakavu siku tatu kabla ya kuupanda kwenye udongo mpya. Chungu nimekisugua kwa maji ya moto. Kisha nikavitoa vyungu vingine vyote vya dirishani kimoja kimoja, maana maji yanayotoka kwenye sahani moja kwenda nyingine huwabeba. Vyote vilikuwa safi.

Siku ya 52

Mlimau 0. Krotoni ya pili 29, na lava wa kibibi wanne, wadogo kuliko wale. Pia mbawakawa mmoja mdogo mweusi, nadhani ni kibibi mzima, kichwa na ncha ya mabawa rangi ya chungwa iliyoiva. Hajaruka nilipomkaribia.

Siku ya 61

Kwenye mkanda wa kunata wa mlimau nimekuta kitu ambacho karibu nikiite usubi. Kirefu kama milimita 1, mabawa mawili tu, na nyuma nyuzi mbili nyeupe ndefu. Ni dume la kidung'ata. Jike hana mabawa kamwe. Dume hupita hatua ya kifukofuko cha nta, hutoka bila mdomo wa kulia, huishi siku chache za kutafuta majike, basi. Katika Planococcus citri dume huwarithisha watoto wake kromosomu alizopewa na mama yake tu, za baba yake hazipiti. Nimeandika hilo kwa sababu ni la ajabu, na kwa sababu linanipa habari ya kazi: dume mmoja kwenye mkanda maana yake kuna majike mahali.

Nilikagua upya. Wawili, ndani ya mkunjo wa kamba ya kufungia tawi. Kamba ileile ya siku ya 3. Nimeitupa na kufunga mpya.

Siku ya 70

Mkanda wa mlimau: 4 wachanga. Nimenyunyizia sabuni mara moja.

Siku ya 84

Mlimau 0 kwa kioo, mkanda mtupu kwa wiki ya pili. Umetoa majani mapya 11, yote safi, hayanati. Okidi 0, na nimelibandua kila ganda kavu. Kaktasi 0. Krotoni ya kwanza 0. Mshubiri umenyanyua majani.

Krotoni ya pili, ambayo sikuigusa kwa dawa hata mara moja: vidung'ata 3, mumia 17, mbawakawa weusi wawili. Lava simwoni tena, windo limewaishia. Mimea yote imerudi mahali pake isipokuwa huu. Nimeuacha barazani juu ya sahani yake ya maji, na wale watatu nimewaachia wenyewe.